Ulezi Ulioezeka Paa

Baba yangu alizaliwa Kasense, katika ukoo wa watu waliolima mahindi na ulezi kwenye matuta, na hakuhama huko mpaka alipobebwa kwenda kuzikwa. Mama yangu alizaliwa Kasanga, ziwani. Alipandishwa huku juu kwenye baridi akiwa mwari wa kuolewa, na mpaka uzeeni alilala na khanga mbili na blanketi, akilalamika kwamba Ufipa haikugawiwa jua la kutosha. Majina yao unayajua. Usiyaandike, wala langu, wala la mtu yeyote nitakayemtaja, kwa kuwa wengine wameacha watoto hapa mjini, na sikusudii kumchafua mtu. Mimi sikupelekwa shule. Nisemavyo ndivyo uandike, na usinipambe.

Ninataka ibaki habari ya namna nilivyodai gharama za paa la nyumba hii ya Milanzi, wakati ilipokuwa nusu yangu na nusu ya chama.

Babu yako, mume wangu, alikuwa dereva wa lori la chama cha wakulima. Aliteremka Kasanga na mahindi, akapanda na saruji na samaki wakavu, na barabara ile ilimzeesha kabla ya wakati wake. Chama kilikuwa na nyumba chache za watumishi, na sisi tulipewa hii. Ilipofika miaka ya biashara huria, wanunuzi binafsi waliingia vijijini na malori yao na fedha mkononi. Wakulima wakawauzia wao, maana chama kiliwakopa mazao na kuwalipa mwaka mwingine. Maghala yakabaki matupu. Watumishi wakaanza kupunguzwa, na babu yako akawa miongoni mwa wa kwanza.

Viongozi waliamua kuziuza nyumba kwa waliokuwa wakiishi ndani, lakini hapakuwa na mtumishi mwenye fedha ya nyumba nzima. Ndipo wakatunga mpango ambao watu wa mjini waliucheka sana: mtumishi anunue nusu, chama kibaki na nusu, mtumishi alipe kodi ya ile nusu ya chama kila mwezi, na siku atakapoweza anunue iliyobaki. Jirani yetu alikuwa akimuuliza babu yako kama usiku analala kwenye nusu yake au kwenye nusu ya chama. Babu yako hakujali. Alitoa kiinua mgongo chake chote, akanunua nusu. Hakuishi sana baada ya hapo.

Mkataba alinisomea mara nyingi, mpaka nikaushika kama sala. Matengenezo madogo ni ya anayekaa. Matengenezo makubwa, yaani paa, kuta na msingi, ni ya wenye nyumba wote wawili, kila mmoja kwa sehemu yake. Na anayekaa akishindwa kodi msimu mzima, chama kina haki ya kumrudishia alichotoa na kuiuza nyumba yote kwa mwingine. Hayo matatu niliyajua vizuri kuliko kiongozi yeyote, kwa sababu wao walikuwa na nyumba nyingi za kukumbuka, na mimi nilikuwa na hii moja.

Mvua za kwanza za mwaka mmoja zilikuja na upepo ambao sijauona tena. Uling'oa mabati ya upande mzima, ukavunja kenchi, na tofali za juu za ukuta wa chumbani zikaanguka juu ya kitanda. Ashukuriwe Mungu, watoto walikuwa jikoni. Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa chama. Msimamizi wa nyumba alikuwa kijana mwenye adabu, mtoto wa katekista. Aliniamkia, akanipa kiti, akasema atalipeleka jambo langu kwenye kikao cha bodi, na kikao kitakaa baada ya sikukuu. Nilimwomba aje walau aone. Alikuja, akatazama mbingu kupitia chumba changu, akatikisa kichwa, akarudi ofisini.

Mimi nilikuwa na watoto wanne, na baba yako ndiye mdogo wao. Mvua haikungoja kikao. Niliuza nguruwe wawili na mbuzi, nikanunua mabati, mbao na misumari kwa mfanyabiashara wa sokoni, na risiti nikaifunga kwenye pindo la kitenge. Hapo fedha ikaisha, isipokuwa ya kuni. Palikuwa bado na kazi ya kukusanya na kubeba tofali, kujenga ukuta, kupiga kenchi na kuezeka. Nilichobakiwa nacho ni mahindi kidogo na ulezi wa mavuno yaliyopita, magunia matatu, ambao ulikuwa uji wa watoto, na mbegu, na kodi ya chama ya miezi iliyokuwa inakuja.

Kwetu Kasense, mtu akiwa na kazi inayomzidi nguvu, hupika pombe na kutangaza siku itakayoiva. Watu huja na majembe na mashoka. Hakuna anayeonja kabla kazi haijakwisha, na anayekuja kazi ikiwa imekwisha hupewa machicha. Hivyo ndivyo baba yangu alivyojengewa nyumba, na hivyo ndivyo mimi nilivyoolewa nikitoka katika nyumba yenye paa. Kwa hiyo nilifanya nilichokijua. Niliulowesha ulezi, nikauacha uchipue, nikauanika ndani kwa moto kwa sababu jua halikuwapo, nikausaga, nikaupika. Nililala chini ya turubai upande wa jikoni, nikichochea kuni nilizonunua kwa mkokoteni mzima, kwa kuwa kuni mbichi hazipiki pombe.

Siku ilipoiva walikuja watu wa Kasense, wa ukoo wetu na wasio wa ukoo wetu, na majirani wa Milanzi, na fundi wa kenchi aliyekuwa akiimba besi kanisani. Alikuja pia mfugaji mmoja, mgeni kutoka Usukuma, aliyekuwa amehamia na ng'ombe wake bondeni. Alikuwa na mkokoteni wa maksai, akabeba tofali na mchanga tangu asubuhi. Dini yake haikumruhusu pombe. Aliniambia mapema, kwa heshima, kwamba yeye atapokea mahindi. Wafipa walimtania mchana kutwa.

"Shemeji, hao ng'ombe wako nao hawanywi?" fundi alimpigia kelele kutoka juu ya kenchi.

"Hawa wanakunywa maji," akajibu, "ndiyo maana kesho watafanya kazi na wewe utakuwa umelala."

Jioni paa lilikuwa limefunikwa. Walikunywa, wakaimba, wakaenda zao. Mfugaji nilimpimia mahindi yake, akaondoka na mkokoteni wake. Usiku ule mvua ilinyesha, na watoto walilala pakavu. Mimi nililala nikijua kwamba gunia la ulezi halipo tena ndani ya nyumba, na kwamba kodi ya chama itanikuta mikono mitupu. Lakini nilijua pia kwamba nusu ya kile kilichokuwa juu ya kichwa changu ni mali ya chama, na kwamba chama kitalipa nusu yake.

Baada ya sikukuu nilikwenda. Sikuomba msaada. Nilisema nataka nusu ya gharama za paa ihesabiwe badala ya kodi yangu. Msimamizi alipokea risiti ya mabati na mbao, akaikubali bila ubishi. Akaniuliza nani alibeba tofali. Nikamwambia ni mfugaji mwenye mkokoteni, na kwamba nilimpa mahindi. Akatazama bei ya mahindi ya chama, akaandika. Akauliza mafundi na vibarua.

"Hao niliwapikia," nikasema.

"Chakula?"

"Pombe. Magunia matatu ya ulezi."

Aliweka kalamu chini. "Mama, pombe ni sherehe. Chama hakiwezi kulipia sherehe."

"Ni sherehe gani hiyo, mwanangu, ambayo watu wanapanda juu ya paa na njaa tangu asubuhi?"

Hakunijibu kwa dharau. Nataka uandike hivyo, maana wengi wanapenda kusimulia kwamba watu wa ofisi walikuwa wabaya. Alinieleza kwamba akikubali pombe yangu, kila mwenye nusu ya nyumba atapika pombe ya Krismasi na kumletea hesabu akisema ametengeneza mlango. Pombe haina risiti, pombe haina kipimo, na anayeikagua hesabu ya chama anatoka mkoani na hajui desturi za Kasense. Niliona ana sababu. Nikamwambia sababu yake ni nzuri, ila ilikuwa ikininyang'anya nyumba. Kwa maana alichokubali kilitosha kodi ya miezi michache tu, na sehemu kubwa ya paa lile ilikuwa ulezi. Kama ningeuuza sokoni na kumlipa fundi fedha, angelipa nusu bila neno. Nilipompa fundi ulezi uleule ukiwa umepikwa, ukawa si kitu.

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye hana mamlaka zaidi ya hapo, na kwamba nisipolipa kodi iliyobaki mpaka mavuno, atalazimika kuiandika nyumba katika zile zinazouzwa. Tayari alikuwapo mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa akizitaka nyumba za Milanzi.

Nikamuuliza nani ana mamlaka kumzidi. Akasema mkutano mkuu wa wanachama. Nikamuuliza unakaa lini. Akanitajia. Nikamuuliza kama hisa ya marehemu mume wangu ilikuwa bado hai. Akapekua, akasema iko hai, na kwamba mjane anaweza kuisimamia. Nikamshukuru, nikaondoka.

Kaka yangu alinijia kutoka Kasense kunizuia. Alisema nichukue walichonipa, niuze nusu yangu, nirudi nyumbani, kuna mahali pa kujenga. "Utasimama mbele ya wanaume useme habari za pombe?" aliniambia. "Watakuita mama kilabu mpaka kufa kwako." Nilimwambia wameniita mengi na bado ninakula ugali. Alikasirika, lakini siku ya mkutano nilimwona amekaa karibu na dirisha, kofia magotini.

Mkutano ulikaa ndani ya ghala, kwa kuwa ghala lilikuwa tupu. Wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, wanawake wachache tulikaa nyuma juu ya magunia. Walizungumza mchana kutwa juu ya madeni na malori mabovu. Nilinyosha mkono mara ya kwanza, mwenyekiti akasema bado. Nikanyosha tena. Mara ya tatu sikunyosha mkono; nilisimama na kubaki nimesimama, na mwenyekiti, ambaye alikuwa mtu mzima na anayejua aibu ya kumsimamisha mama wa watu, akanipa nafasi.

Nilieleza kama nilivyokueleza wewe, kwa ufupi. Nikasema nyumba ni yangu nusu na ni yao nusu, upepo haukuchagua nusu, na mimi sikuezeka nusu. Nikasema wamekubali mahindi ya mfugaji ambaye hakunywa, na wamekataa ulezi wa Wafipa waliokunywa, ingawa wote walifanya kazi siku moja juu ya ukuta mmoja. Pale mbele wakacheka.

Mzee mmoja mwenye shamba kubwa la upande wa bondeni akasema bila kusimama, "Tuambie kwanza, hiyo pombe ilikuwa nzuri?"

"Njoo uliangalie paa," nikamwambia. "Halivuji."

Wakacheka tena, lakini safari hii walimcheka yeye. Mwenyekiti akagonga meza. Akasema yeye mwenyewe amejengewa kwa pombe, hakuna asiyejua jambo hilo, ila tatizo ni hesabu: wataiandika wapi? Nikasema waiandike palepale walipoandika mahindi ya mwenye mkokoteni. Ulezi ni nafaka. Chama kile kilikuwa kimenunua ulezi wangu na wa babu yako kwa debe, miaka yote, na bei yake wanaijua wao kuliko mimi.

Katibu akainuka na neno ambalo lilikuwa zito. Alisema kila mtu anajua kwamba pombe ya kazi hainywewi na wafanyakazi peke yao. Wapita njia hupewa, majirani hupewa, shemeji za watu hutokea wasikotarajiwa. Basi chama kitalipia vipi koo la mpita njia? Wengi waliitikia kwa vichwa. Nilijua kwamba hapo ndipo jambo langu lingeangukia, maana alisema kweli.

Nikamjibu kwamba mpita njia alikunywa machicha, na machicha siyadai. Lakini kazi ile isingewezekana kwa pombe kidogo, kwa sababu mtu haji kutoka Kasense kubeba tofali kwa ajili ya kikombe kimoja. Wingi wa pombe ndio ulioleta watu wengi, na wingi wa watu ndio uliofunika paa siku moja, kabla mvua haijaanguka tena na kuubomoa ukuta uliobaki, ambao nusu yake ni yao. Kama ningengoja bodi, leo wangekuwa na nusu ya lundo la udongo.

Kisha kaka yangu, ambaye sikumwomba, akasimama pale dirishani na kusema kwamba yeye alikuwa miongoni mwa waliobeba tofali, kwamba kwake Kasense siku ile aliacha shamba lake mwenyewe bila kulimwa, na kwamba kama chama kinaona alikwenda kwenye sherehe, basi wamwambie ni sherehe ya nani. Akakaa. Hakunitazama.

Mwenyekiti akapendekeza ulezi uhesabiwe wote kwa bei ya soko ya msimu ule, na nusu yake iwekwe badala ya kodi yangu. Mikono ikanyoshwa. Nikaona ni mingi. Nikasema bado kuna kuni, ambazo nilinunua. Wakabishana, wakakubali kuni, kwa kuwa aliyeniuzia alikuwamo ghalani na hakuweza kukana. Nikasema bado kuna kupika.

"Mama, kupika ni kazi ya nyumbani," akasema katibu.

"Ulezi haujipiki. Nyumba ni yenu nusu, na mimi niliipikia yote."

Mwenyekiti alichoka. Akasema chama hakijawahi kumlipa mwanamke kwa kupika na hakitaanza leo. Nyuma yangu, juu ya magunia, mama mmoja ambaye sijamsikia akisema neno katika mkutano kabla wala baada ya siku ile, akasema taratibu, "Basi mwaka huu, siku ya sikukuu ya chama, mtajipikia." Wanawake wenzetu wakaguna. Mwenyekiti akafunga ajenda upesi, na kupika kwangu kukabaki nje.

Nilipata ulezi na kuni. Nyumba haikuandikwa katika zile zinazouzwa. Kodi yangu ilikuwa imelipwa mpaka baada ya mavuno na zaidi, na mavuno yale yalikuwa mazuri, nikaendelea kulipa bila kukosa. Chama kilipozidi kudhoofika na kutaka fedha ya haraka, kiliniuzia nusu yake kwa awamu, na siku ya kumaliza nilimkumbusha msimamizi, ambaye sasa alikuwa na mvi, kwamba hawanidai tena nusu ya nyumba, ila mimi bado ninawadai nusu ya kupika. Alitabasamu, akasema hana mahali pa kuiandika. Nikamwambia hata mimi sina mahali pa kuisamehe. Tukaagana vizuri. Alipofariki nilikwenda msibani kwake, nikapika.

Sasa sikiliza, maana ndiyo sababu ya kukuketisha hapa.

Nikifa, nyumba hii haitakuwa ya mtu mmoja. Itakuwa ya watoto wangu wanne, na kwa hiyo itakuwa yenu ninyi watoto wao, na mmoja wenu atakaa ndani na wengine watakuwa Dar es Salaam na Mbeya na kwingineko. Msiiuze kwa sababu ya ugomvi. Hati ya nyumba ikae kwa yule anayekaa ndani, na nakala ikae kwa kila mmoja wenu, na wewe ndiye utakayezitoa hizo nakala, kwa kuwa wewe unajua kusoma na una subira. Anayekaa asiguse paa, ukuta wala msingi kabla hajawaita wengine au kuwapelekea habari, na wakichelewa mvua ikiwa karibu, atengeneze, asingoje. Kisha atakapoleta hesabu, iandikeni yote. Andikeni mbao na mabati, andikeni fedha za fundi, na andikeni pia chakula alichowapikia mafundi, na siku alizosimama juani akiwasimamia badala ya kwenda kwenye shughuli zake. Na mtu yeyote katika ukoo huu atakayesema kwamba kupika si gharama, umsomee karatasi hizi tangu mwanzo, na asiondoke kabla hujamaliza.

Hizi karatasi uzitunze wewe. Nakala moja mpe shangazi yako wa Kasense, kwa sababu nyumba yake haijawahi kuungua wala kuvuja. Risiti zote za nyumba hii zitunze, hata zilizofifia. Na orodha ya waliokuja siku ile kuezeka, nitakayokutajia kesho nikiwa nimepumzika, hiyo usiiweke pamoja na haya. Itunze peke yake, uwe unawajua watoto wao, na wakiwa na kazi inayowazidi, uende na jembe lako.